Naserian Sironka, Mpiga Mbizi wa Duluti

Huyu tunayemsindikiza leo hapa Akheri, Jumamosi ya tarehe 15 Novemba 2025, alizaliwa mbali na kina chochote cha maji. Mama yake, marehemu Namnyaki, alimzaa nyumbani Olmotonyi tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Sironka. Maji ya utoto wake yalikuwa ya mfereji, yanayofika kwenye goti la mtoto, na zamu yake ya kuyafungulia shambani ilikuwa alfajiri ya Alhamisi. Maji mengine aliyoyajua yalikuwa ya ndoo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Olmotonyi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari ya bweni hadi 1997. Alirudi nyumbani kumuuguza mama yake, na baada ya kumzika, mwaka 2001, aliingia chuo cha misitu ambacho kengele yake alikuwa ameisikia tangu akichunga ndama. Wenzake walikariri majina ya miti ubaoni. Yeye alikuwa anaijua kwa harufu ya kuni zake. Alihitimu mwaka 2003, akaajiriwa mwaka uliofuata, na mwaka 2008 alihamishiwa kulinda msitu unaozunguka Ziwa Duluti.

Tarehe 9 Septemba 2006 alifunga ndoa katika Kanisa la Kilutheri na Yoeli, fundi seremala wa hapa Akheri. Mungu aliwajalia Joyce mwaka 2007 na Oscar mwaka 2010.

Maisha yake yangeweza kuishia kwenye miti. Lakini mchana wa tarehe 6 Januari 2011, kijana wa miaka kumi na tisa aitwaye Elihuruma aliingia Duluti kuoga, na hakutoka. Wenyeji tunajua desturi ya ziwa lile. Tuliambiwa tangu wadogo kwamba halina mwisho, na kwamba mtu akizama husubiriwa mpaka maji yenyewe yamrudishe. Mama yake, Mama Penina, aliketi ukingoni siku mbili, amejifunika kanga kichwani. Naserian alisimama karibu naye na sare yake ya msitu, ameshika tawi refu ambalo halikuwa na kazi yoyote. Siku ya pili yule mama alimgeukia, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Mwanangu, wote hawa waliosimama hapa, hakuna hata mmoja anayejua kuingia?"

Ziwa lilimrudisha kijana asubuhi ya siku ya tatu. Tangu hapo, swali lile lililala na Naserian na kuamka naye.

Mjini Arusha, mtaa wa Kaloleni, alikuwa akiishi Mzee Iqbal, mpiga mbizi mstaafu wa Tanga aliyekuja kukaa kwa binti yake Zakia. Naserian alimfuata huko akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili, hajui hata kuelea. Mzee alimtazama viatu vyake vya msituni, akamuuliza kama anaogopa maji. Alijibu kwamba anayaogopa sana. Mzee akasema basi watafika, kwa sababu wasioogopa ndio aliokwisha kuwaopoa.

Alianzia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, kila Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Alikunywa maji mengi kuliko ng'ombe wa baba yake. Nyumbani Yoeli alimkandia mabega huku akilalamika, "Nilioa mtu wa msitu, sasa naambiwa mke wangu ni samaki. Na kwenu Waarusha samaki hawaliwi." Baada ya miezi minane aliogelea mita mia nne bila kupumzika. Ndipo walipohamia Duluti, na mitungi ya hewa, na vazi la mpira lililomchukua robo saa kulivaa. Kule chini, alisimulia, mwanga uliisha upesi, akabaki na mikono yake tu na sauti ya pumzi yake. Alijifunza kupapasa matope kwa mistari, kama apandaye maharage, na kuongea kwa kuvuta kamba iliyomuunganisha na aliye juu. Kuhusu kurudi juu, Mzee Iqbal hakuwa na mzaha. Alisema ziwa hili liko mlimani na lina sheria kali kuliko bahari. "Panda polepole, binti. Anayeharakisha kwenda juu hafiki salama."

Ziwa lina mwisho. Naserian alikuwa wa kwanza wa kwetu kuugusa kwa kiganja, akapanda na tope lake.

Kilichobaki ni mtihani wa uokoaji, na hapo ndipo alipokwama. Mzee Iqbal mwenyewe ndiye aliyejifanya anazama. Mwokoaji alipaswa kumfikia, kumshika kidevu na kichwa, kuuinua uso wake juu ya maji na kumvuta hadi ufukweni. Lakini kwetu Waarusha mtoto ndiye humwinamia mkubwa, naye mkubwa humwekea kiganja utosini. Binti kushika kichwa cha mwanamume mwenye umri wa baba yake ni jambo ambalo mikono yenyewe hukataa. Mwezi Juni 2012 Naserian alimfikia, akatoa kipumulio mdomoni, akasema, "Shikamoo, mwalimu," mkono ukabaki hewani. Mzee alimkumbatia kwa nguvu za mtu anayezama, wakaenda chini wote wawili. Walipotoka, Mzee alikohoa, akasema, "Umenisalimia vizuri sana, lakini nimekufa."

Mwezi Agosti alirudia, akamshika mkono badala ya kidevu. Mkono uliteleza, Mzee akafa tena. Akamwambia kwamba mwisho wa Oktoba anarudi kwao Tanga. Ilibaki nafasi moja, na baada yake kusingekuwa na mwalimu mwingine karibu.

Naserian alikwenda Olmotonyi kumweleza baba yake, ambaye mpaka siku ile hakujua kwamba binti yake anaingia ziwani. Mzee Sironka alisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaenda kuangalia ng'ombe. Hakurudi kuzungumza. Naserian aliondoka akiamini amemkosea.

Jumamosi ya tarehe 27 Oktoba 2012, wakati anafunga mkanda wa mtungi, alimwona baba yake akishuka njia ya msituni na fimbo yake. Alimwendea, akainama apokee salamu. Kiganja hakikuja. Alipoinua macho, Mzee Sironka alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa chake cheupe mbele ya binti yake, watu wote wakitazama.

"Shika," alisema. "Na kidevu. Kaza mkono."

"Baba, siwezi."

"Kichwa cha mtu anayezama hakina umri. Shika."

Naserian alishika. Kisha aliingia majini, akaogelea moja kwa moja hadi kwa Mzee Iqbal, bila salamu, akamkamata kidevu na kumvuta mita hamsini bila tone kumwingia puani. Pale ufukweni Mzee Iqbal alilala chali, akacheka. "Leo nimepona," alisema.

Katika miaka kumi na tatu iliyofuata, Naserian alitoa watu kumi na mmoja wakiwa hai, kutoka Duluti na mabwawa ya Nduruma. Mmoja wao, mzee wa kanisa Lemburis, analalamika hadi leo kwamba alivutwa ndevu mbele ya wakwe zake, na kila Krismasi alipeleka mkungu wa ndizi kwake. Waliokufa tisa aliwapandisha siku ile ile waliyozama. Hakuna mama aliyelala pale ukingoni tena. Alifundisha wapiga mbizi ishirini na watatu, na somo la kwanza lilifanyika nchi kavu: kila mwanafunzi alishika kichwa cha Mzee Sironka, aliyeketi kwenye kigoda na kuwasahihisha.

Mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Mwezi Julai mwaka huu alifundisha darasa lake la mwisho akiwa ameketi ufukweni, kamba mkononi. Siku zake za mwisho, Yoeli alipolia, alimwambia, "Usiniharakishe. Napanda polepole." Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, Yoeli. Watoto wawili, Joyce, aliyefaulu mtihani wa Duluti mwezi Agosti, na Oscar. Kaka wawili na dada wawili. Wanafunzi wake, waliolibeba jeneza leo. Mwalimu wake Mzee Iqbal, aliyesafiri kutoka Tanga akiwa na miaka sabini na saba. Mama Penina, aliyeketi na familia msibani tangu siku ya kwanza. Na baba yake, Mzee Sironka, mwenye miaka themanini na minne, ambaye jana jeneza lilipofunguliwa alimwekea binti yake kiganja utosini, ile salamu ambayo binti alikuwa akimdai tangu siku ile ziwani.

Apumzike kwa amani Naserian, amefika juu salama.