Pikipiki Iliyozama Ikiwa Imepanda Boti

Benchi la nje ya duka la fundi cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hukaa kwa adabu. Mchana ule alikaa Turubo, dereva wa pikipiki, kikombe cha kahawa mkono huu, fomu ya bima mkono ule. Juzi boti ya kuvukia mto ilipinduka, na pikipiki yake ikazama nayo. Imeshaopolewa, ila injini imejaa tope, na bila pikipiki Turubo hana kazi. Ofisi ya bima inafungwa saa kumi. Fomu isipofika leo, madai yamekufa. Kilichomkwamisha ni swali la nne: “Eleza ajali ya chombo.”

— Chombo kipi sasa? aliuliza. Iliyopata ajali ni boti au pikipiki?

— Boti, alijibu Mahakama, mzee aliyefagia mahakamani miaka saba akatoka na sheria zote kichwani. Pikipiki ilikuwa abiria tu.

— Abiria? Fundi Cherehani alidakia bila kuondoa mguu kwenye pedali. Ilikata tiketi?

— Nauli yake nililipa, Fundi.

— Basi ni abiria, hapo sina ubishi. Bima ya boti ndiyo ihangaike.

— Boti haina bima. Nilimuuliza mwenyewe, akacheka mpaka akapaliwa.

Fundi alisimamisha sindano.

— Ngoja kwanza. Ulikuwa umeishuka au umeikalia?

— Nimeikalia, isiyumbe. Tena injini inanguruma, maana ikizimwa kuwaka ni kazi.

— Eee! Mahakama alijipiga kofi gotini. Kumbe ulikuwa unaendesha! Mwendo sifuri, lakini unaendesha. Andika: pikipiki iligonga mto.

— Haiwezekani, mzee wangu, Fundi alikataa. Pikipiki imesimama, mto ndio unakwenda. Mto umemgonga yeye. Kosa ni la mto.

— Na mto utanilipa nini?

— Kambare.

Turubo alicheka, mara ya kwanza tangu juzi. Lakini jambo lenyewe lilimkaa kichwani kweli. Kitu kilichosimama juu ya kitu kinachokwenda, chenyewe kinakwenda au hakiendi?

— Kuna kifungu, Mahakama alishusha sauti. Chochote kikizama kinageuka chombo cha majini. Kwa hiyo tangu juzi unamiliki meli.

— Na mimi nahodha?

— Nahodha asiye na leseni. Hilo usiliandike, mwanangu.

Hapo alifika mwalimu mmoja wa kike kufuata sketi yake, mgeni pale kijiweni. Fundi alipokuwa akiitafuta, yeye alichungulia fomu.

— Kaka, mbona hapa chini hujajaza? Wanataka shahidi, na asiwe mwenye chombo.

— Tulikuwa wawili tu, dada. Mimi na mwenye boti.

— Sasa nani alikutoa majini?

Muda wote huo walikuwa wameongea, mpaka mto ukafunguliwa kesi, na swali hilo hakuna aliyeliuliza. Mwalimu alimtazama Mahakama, Mahakama akamtazama Fundi, Fundi akaikunja sketi iliyokwisha kukunjwa.

Turubo alikumbuka mkono uliomkamata ukosi kutoka kwenye mtumbwi, na sauti ikimwambia, “Piga miguu, piga miguu!” Kisha ukingo wa mto, na yeye anatapika maji, na neno lake la kwanza: “Pikipiki yangu!” Alipogeuka, mwenye mkono ule alishaondoka. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

— Simjui, alisema. Hata asante sikumpa.

Aliweka kikombe chini, akakunja fomu, akainuka.

— Ofisi ya bima iko huku, Mahakama alimwita. Unakwenda wapi?

— Mtoni.

— Saa nane hii! Si utachelewa?

— Nimeshachelewa tangu juzi, mzee.