Nakaribia, Mwanangu

Kijiwe cha Ngarenaro kina benchi moja, na benchi hilo lina miguu mitatu na tofali. Liko kati ya karakana ya Saruni ya kuchomelea vyuma na kibanda cha gemu cha Prosper, kwa hiyo anayekaa upande huu anarukiwa na cheche na anayekaa upande ule anapigiwa kelele na machalii wanaofungana magoli. Kahawa ni ya Gadiel, ambaye wote humwita Kamati, maana hawezi kukumiminia kikombe kabla hajapendekeza jambo lijadiliwe. Jumamosi hiyo, saa kumi jioni, cheche hazikuwepo. Saruni alikuwa amezima mashine, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, amekaa mbele ya kompyuta ambayo Prosper alimtolea nje na kuiweka juu ya stuli, skrini ikitazamana na benchi zima. Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwenye safari ya maana haianzii kijiweni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa binti yake. Nasieku alikuwa anafundisha hesabu Mpanda, huu mwaka wa tatu, na kila Jumamosi kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili aliruhusiwa kutumia kompyuta ya shule. Yeye na walimu wenzake walikuwa na dunia yao ndani ya gemu moja la kutembea na kujenga, na humo alikuwa amejenga nyumba ya babu yake ya Oldonyo Sambu, na zizi lake, na jiwe la kunolea panga. Akamwalika baba yake aje aione. Tatizo ni kwamba dunia hiyo waliiondolea ule mshale unaomwonyesha mtu njia, wakaiondolea na kile kitufe cha kumrusha mtu kutoka hapa mpaka kule kwa kubonyeza mara moja. Anayekwenda kwa mwenzake anakwenda kwa miguu. Jumamosi mbili Saruni alianza safari, na Jumamosi mbili saa kumi na mbili ilimkuta porini. Asubuhi hiyo Nasieku alikuwa amempigia, sauti imepoa. "Leo nitakusubiri tena, Baba. Usipofika, basi, sitakusumbua tena." Hilo neno "sitakusumbua" alikuwa akilirudia moyoni tangu chai ya asubuhi.

Na huyu, tuseme ukweli, ndiye mtu anayeitwa Dira. Ujanani alibeba mizigo ya wapanda mlima Meru kwa miaka tisa, na tangu siku hizo hakuna aliyewahi kumsikia akisema amepotea.

— Soma maelekezo tuyasikie, alisema Kamati.

Saruni alikunjua karatasi ambayo Nasieku aliituma kwa posta.

— Kutoka kwenye moto unapoanzia, nenda mpaka mtoni. Fuata mto kuelekea kule maji yanakotoka, mpaka uone mnara wenye kitambaa chekundu. Nyumba iko chini ya mnara. Basi. Kazi rahisi.

— Rahisi ila ndefu, alisema Yiamat. Huyu ni dereva wa bodaboda, jina lake la kijiweni ni Mkato, na tangu anunue pikipiki hajampitisha abiria barabara kubwa. — Mto unapindapinda, mzee wangu. Kata hapo msituni, utatokea mbele yake.

— Binti kasema nifuate mto.

— Binti ni mwalimu wa hesabu, barabara anazijulia wapi? Wahenga wenyewe walisema, njia ya mwongo ni fupi. Sasa kama njia fupi ipo, tunazunguka ya nini?

— Hiyo methali haina maana hiyo, Mkato.

— Ina maana ya kuwahi.

Saruni alijua kabisa kwamba anafanya ujinga. Lakini watu watatu walikuwa wanamtazama vidole, na vidole vyake, ambavyo hushika chuma cha moto bila wasiwasi, vilikuwa vinakosea vile vitufe vidogo. Akakata msituni. Baada ya dakika kumi mto haukuwepo mbele, haukuwepo nyuma, na miti yote ilikuwa na sura moja. Chini ya skrini yakatokea maandishi: *Baba, umefika wapi?*

— Mwandikie nakaribia, Saruni alimwambia Prosper.

Prosper aliandika.

— Unakaribia wapi? aliuliza Kamati.

— Mtoto haambiwi kwamba baba yake kapotea.

Prosper akaingia ndani kuamua ugomvi wa penalti, akawaacha wazee na msitu wao. Hapo Kamati akaweka birika chini na kusafisha koo, na Saruni akafumba macho, maana alijua kinachokuja.

— Napendekeza tutafute mlima. Mtu wa Arusha hapotei kama mlima upo. Unauweka mgongoni, unashuka, unafika mjini. Mimi nimelelewa Akheri, hatukuwa na mshale, hatukuwa na kitufe. Tulikuwa na mlima.

— Hata mimi abiria akiniambia panda juu, najua ni upande wa mlima, aliongeza Mkato. — Akisema shuka chini, naupa mgongo. Hiyo ni sayansi.

— Ninyi mnasema hivyo kwa sababu mko upande huu, alisema Saruni. — Kwetu Oldonyo Sambu ukiupa mlima mgongo hufiki mjini. Unafika Longido, na kiu juu.

— Wanaounga mkono mlima? Kamati aliuliza, na yeye mwenyewe akanyoosha mkono. Mkato akanyoosha miwili.

Tatizo ni kwamba mlima haukuonekana. Mbele ya yule mtu wa kwenye gemu, anayeendeshwa na Saruni, kulikuwa na ukungu mweupe, mzito, umekaa kila upande. Kamati aliinua macho juu ya mabati ya karakana. Meru nayo ilikuwa imejifunika mpaka mabegani.

— Umeona? Na huku hivyohivyo. Mlima hufunguka saa kumi na moja. Tusubiri.

— Tusubiri gemu lifunguke? aliuliza Saruni.

— Mstahimilivu hula mbivu.

— Mimi saa kumi na mbili naachwa, Kamati!

— Na mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Mkato, na hakuna aliyemwelewa, pengine hata yeye mwenyewe.

Basi wakasubiri. Watu wazima watatu, mmoja ana wajukuu, walikaa kwenye benchi la miguu mitatu wakinywa kahawa na kusubiri ukungu wa kwenye kompyuta uondoke. Kamati alieleza kwamba ukungu wa namna hiyo, uliolala chini, huletwa na baridi ya Juni. Mkato akasema sivyo, waliotengeneza gemu wanaishi nchi za baridi, kwa hiyo ule ni ukungu wa kwao na utachelewa kwa sababu ya tofauti ya saa. Kamati akaona hilo lina uzito, akapendekeza wahesabu: kama kule kwao sasa ni asubuhi, ukungu utatoka usiku wa huku. Mkato akaenda mbele zaidi, akasema huenda walimu wa Mpanda ndio wanaouachia wenyewe, kama wafugaji wanavyochoma majani, ili wageni wasione njia. Saruni alikuwa hanywi tena. Kahawa ilipoa mkononi, na kila alipotazama saa alimwona Nasieku amekaa kwenye kile chumba cha shule, peke yake, anatazama mlango ambao haukuwa hata mlango wa kweli.

Saa kumi na moja na robo Meru ikafunguka. Ilijitoa taratibu, kilele kwanza, kisha ubavu, mpaka ikasimama yote juu ya Ngarenaro. Benchi zima likageuka kwa pamoja kutazama skrini.

Ukungu ulikuwa palepale.

— Haiwezekani! alisema Kamati, kama mtu aliyedhulumiwa.

Prosper akatoka ndani.

— Mzee Saruni, ushafika?

— Tunasubiri mlima ufunguke.

— Mlima gani?

Mkato alionyesha skrini. Prosper aliitazama skrini, akawatazama wao, mmoja mmoja, halafu akajishika kichwa.

— Jamani. Huo ukungu nimeuweka mimi. Kompyuta ni nzee, ikionyesha vitu vya mbali inakwama. Huo hautoki mpaka siku ya kiama.

— Na ulikuwa wapi muda wote huu usiseme? Saruni alifoka.

— Mlikuwa mmetulia, nikadhani mnapumzika!

Prosper aliinama, akabonyezabonyeza, na ukungu ukapungua. Kompyuta ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, picha zikatembea kwa kuchechemea, lakini kweli, kwa mbali, mlima ukatokea.

— Mgongoni! alipiga kelele Kamati. — Upe mgongo, shuka!

— Kimbia, mzee, kimbia! alidakia Mkato. — Mwenda pole hajikwai!

Na Saruni, Mungu amsamehe, aliupa mgongo na kushuka. Alishuka dakika ishirini. Alishuka mabonde, akavuka majani marefu, akapita mbuzi waliosimama tu bila mwenyewe, na alipofika chini kabisa hakukuta mji wala mto wala mnara. Alikuta bahari, maji mpaka mwisho wa dunia.



— Maji ukiyavulia nguo, alianza Mkato.

— Nyamaza! Saruni alisema. — Nyamaza kabisa! Mlima huu umewahi kuwaambia kwamba ni Meru? Mmoja ananikatisha msitu, mwingine ananipigia kura! Karatasi ninayo mfukoni, mwanangu kaiandika kwa mkono wake, mistari mitatu, na nimeshindwa kuifuata kwa sababu nimekaa na ninyi!

Maandishi yakatokea tena. *Baba?* Lilikuwa neno hilo tu, bila swali jingine.

— Niandike nakaribia? Prosper aliuliza kwa sauti ndogo.

Kabla Saruni hajajibu, mwanamke mmoja mwenye kikapu alisimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Mimi Elinipa. Nimefuata mlango wangu wa banda la kuku. Fundi Saruni asubuhi aliniambia anakaribia kumaliza.

Saruni aliinamisha kichwa. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta nyuma yake, bado ni vyuma vitatu visivyojuana. Elinipa aliuona, akashusha pumzi, lakini alimwona na Saruni, jinsi alivyokaa, akaliacha hilo la mlango.

— Kuna nini hapa? Mbona mna sura za msiba?

Wakamweleza wote kwa pamoja: mto, msitu, mlima, ukungu, bahari. Kamati alimweleza na kura zilivyokwenda. Elinipa alisikiliza mpaka mwisho, kikapu kikiwa bado mkononi.

— Huyo binti sasa hivi yuko wapi?

— Chini ya mnara, alisema Mkato.

— Mwenyewe, nauliza. Kwa miguu yake.

— Mpanda, alisema Saruni. — Mwaka wa tatu.

— Umeshafika kwake?

— Nilikuwa... kila likizo namwambia nakaribia kuja.

Elinipa aliwatazama wote wanne.

— Eti, basi la Mpanda linaondoka saa ngapi?

Mkato alifungua mdomo. Huyu ni mtu anayejua njia za panya mpaka Terrat, kila uchochoro na mbwa wake. Akaufunga. Kamati alitafuta la kupendekeza, akaishia kuinamisha birika juu ya kikombe cha Saruni, yakatoka matone mawili na machicha. Prosper alitazama viatu vyake. Kule ndani machalii walikuwa wanashangilia goli.

Saruni aliona aibu. Haikuwa ile ya kupotea mbele za watu. Hiyo ilikuwa imekwisha tangu baharini. Aliona aibu ya miaka mitatu, likizo moja baada ya nyingine, na mtoto ambaye alichoka kumsubiri Mpanda akaamua kumjengea nyumba mahali ambapo labda angeweza kufika.

— Nisogezee hivyo vitufe, alimwambia Prosper. — Nitaandika mwenyewe.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika sita. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. *Mwanangu nimepotea.*

— Dira, usiandike hivyo! Mkato alisema.

— Mimi si Dira.

Akaendelea. *Niko baharini. Basi la kuja huko kwako linaondoka saa ngapi?*

Akabonyeza. Wakasubiri, safari hii bila kamati. Elinipa aliweka kikapu chini, akakaa pale penye tofali. Dakika moja ikapita, halafu ya pili. Kompyuta ililia, ikakwama, ikaamka, na maneno yakatokea.

*Saa kumi na moja alfajiri, unabadilishia Tabora. Na Baba, usije ukaniandikia nakaribia ukiwa bado Ngarenaro.*