Mwenye Mguu Hakuulizwa

Ndugu zangu wa kanisa la Chechelesi, Bwana asifiwe. Naandika kwa sababu nikipewa maiki natetemeka.

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, wodini. Sista alinipa fomu ya Kiingereza na wino. "Wewe umesoma. Mwambie nyanya yako wataosha kidonda, halafu aweke kidole." Nyanya anajua Kiturkana tu. Nikamwambia hivyo hivyo, nikashika kidole chake, nikakibonyeza.

Ndipo nikasoma. Fomu ilisema wanakata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Nikamuuliza sista. Akanijibu, "Sukari imeshaharibu huo mguu, na ukimwambia atakataa. Unataka afe?" Mjomba, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, akaongeza, "Nyamaza, hawa wamesomea."

Ndugu zangu, nilikasirika, na bado nimekasirika. Nyanya amezaa watoto saba, amechunga mbuzi Ngaremara miaka yote, akili yake iko sawa kuliko yangu. Wodi nzima ilijua habari ya mguu wake isipokuwa yeye! Na mimi ninayeimba kwaya ndiye niliyemdanganya, tena kwa lugha yake.

Nilijifungia chooni nikaomba. Hayakuwa maombi mazuri, niligombana na Mungu. Hakunipa amani. Alinipa mdomo, mimi ambaye darasani najibu kwa kutikisa kichwa.

Nikarudi, nikamwambia Nyanya yote. Akanitazama sana. "Na ni wewe ulinishika kidole?" Nikalia. Akasema, "Utalia baadaye. Niitie daktari."

Daktari alikuja jioni. Nyanya akamuuliza kupitia kwangu, "Kijana, huu mguu ni wa nani?" Daktari akaangalia fomu, akamwangalia sista, akaipiga mstari katikati. Akavuta kiti, akaeleza yote: wakikata itakuwaje, na wasipokata sumu itapanda mwilini.

"Mkishaukata mnaupeleka wapi?"

Akamwambia wanawapa watu wake wakitaka kuuzika.

"Basi niacheni nao mpaka kesho."

Namshukuru Yesu aliyenitoa kwenye woga, maana ningenyamaza ningeishi na uongo huo. Na wewe unayeona haya kuuliza mbele ya koti jeupe, mtegemee yeye, kisha uulize.

Asubuhi yake nilimsomea Nyanya fomu mpya kwa Kiturkana, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alinikatiza kila mstari. Akakubali. Mahali pa mkalimani, ambapo kwenye fomu ya jana hakuna aliyeandika kitu, niliandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa.