Bati Juu ya Shimo la Mavi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mazingira, sisi wakulima wa Runingu tunakukaribisha kwa moyo mzito. Desturi yetu ni kumnawisha mgeni mikono kabla hajaketi. Leo hatukukunawisha. Usituone hatuna adabu, sababu utaisikia.

Tulikotoka

Kila kiangazi, baada ya mavuno, wafugaji hushuka kutoka nyanda za juu na kulaza ng'ombe wao katika mashamba yetu. Ng'ombe hula mabua, samadi hubaki, nasi tunapata mahindi. Hata vita vilipotugawa, desturi hii ilitushona.

Tuliyoyapata

Ferme, yaani shamba la kufugia nguruwe, ilipojengwa upande wa juu wa kijito chetu na shimo la mavi kuchimbwa, maji yalibadilika rangi. Tulikushitakia. Ukatuahidi picha za satelaiti, jicho la angani linaloona uchafu. Siku hiyo tulipiga vigelegele kanisani.

Yanayotutoa machozi

Mwenye ferme naye alisikia. Akaliezeka shimo lake kwa mabati. Picha ilipokuja, kwake ilionyesha paa safi. Kwetu ilionyesha doa jeusi kando ya kijito. Doa hilo ni samadi katika shamba la Mama Élisabeth, walipolala ng'ombe wa mfugaji mzee Ngoga. Ofisi yako ikaamuru ng'ombe waondoke.

Mzee Ngoga alimwambia Élisabeth, "Mama Amahoro, weye unanijua. Ng'ombe yangu iko na kosa gani?"

"Baba, haina kosa. Ni picha ndiyo inasema."

"Basi hiyo picha haina pua!"

Tulicheka, tena mbele yake. Akapanda mlima na kundi lake. Juma lililofuata, Amahoro, binti pekee wa Élisabeth, alihara hadi akakata roho. Ng'ombe walikwisha kuondoka. Maji yalikuwa yale yale.

Bati lazuia jicho, halizuii harufu;
Mwana amefumba jicho, maji yangali machafu.

Tunayoomba

Hatulichukii jicho la angani. Linatunza picha za zamani: fungua zile za kabla ya mabati, utaliona shimo na mfereji wake ukishukia kijitoni. Kisha panda nasi kwa miguu hadi pale, wewe una pua. Ifute amri, mzee Ngoga arudi.

Maji ya kukunawisha yamo katika beseni hili mbele yako. Mama Élisabeth ameyateka kijitoni asubuhi hii, kisha mikono yetu ikakataa kukumiminia. Yatazame.

Mungu awalinde watoto wako, wasinywe tunayokunywa.

Ni sisi, Wakulima wa Runingu.