Regina Kagwiria: Walimpunguza Mpaka Akaisha

Wasikilizaji wapendwa, leo muziki utangoja. Tumempoteza Regina Kagwiria, mshambuliaji wa Nyuki Queens, timu ya futsal ya wanawake hapa Meru. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alianguka mazoezini Jumanne iliyopita. Hakuamka tena.

Kagwiria alizaliwa Muthara, kwa mama mkulima, Celina. Alikua akibeba maji na kuni, akatoka na mabega ambayo hata wavulana wa shule waliyaheshimu. Alipokwenda Nchiru kusoma chuo, Salesio, kocha wa Nyuki Queens wakati huo, alimwona akicheza ukumbini, akamchukua.

Kwa wasioijua, futsal ni soka ya ndani. Watano kwa watano, uwanja mdogo, mpira usiodunda sana. Kazi ya Kagwiria ilikuwa kusimama mbele, kuligeuzia goli mgongo, na kuushika mpira mpaka wenzake wafike. Beki akimsukuma, anasukuma ukuta.

Mzee Salesio aliniambia, "Wakati huo wasichana wangu walikuwa na miili ya kila aina. Wanene, wembamba, wafupi. Mimi niliuliza tu, unajua mpira?"

Kagwiria aliujua. Fainali moja kule Embu, bega liliteguka kabla ya mapumziko. Alikataa kutoka. Alifunga mabao mawili, mkono mmoja umelala kifuani.

Halafu mchezo ulibadilika. Huo ni ukweli, tusiufiche. Kasi iliongezeka. Chukua picha ya timu ya miaka kumi na miwili iliyopita, uiweke kando ya picha ya leo. Mapaja yamepungua. Mashavu yamezama. Utadhani ni mchezo mwingine.

Salesio alistaafu. Akaja kocha mpya, Elphas Njoka, na mizani yake. Kila Jumatatu wachezaji walipimwa mbele ya wenzao, na kilo zikasomwa kwa sauti. Aliyezidi hakucheza wikendi.

Kagwiria alizidi. Alikaa benchi mechi sita.

Dada yake, Ntinyari, aliishi naye hapa mjini. Anasema, "Nikipika githeri, anasema ameshakula huko kazini. Siku moja nikamwambia, wewe, hebu kula hata kidogo. Akaniambia, Ntinyari, nikikula napoteza namba yangu kwa timu."

Akapungua. Watu wakamsifu barabarani. Lakini mabeki sasa walimgusa tu, akaanguka. Kocha akamrudisha benchi. Mara hii alimwambia hana nguvu.

Hebu fikiria, msikilizaji. Kwanza mwili wake ulikuwa mwingi. Kisha ukawa haba.

Hakuacha. Alizidi kukimbia, alizidi kujinyima. Jumanne iliyopita, mazoezi yakiwa ndiyo yameanza, alishika kifua akapiga magoti. Daktari aliiambia familia kwamba moyo ulikosa chakula kama sehemu nyingine zote za mwili.

Nilimpigia Elphas Njoka simu. Alisema, "Sikumkataza mtu kula. Mchezo wa kisasa una mwili wake." Kisha akasema ana mazoezi, akakata.

Jana nilikwenda Muthara kumpa pole Mama Celina. Nilimkuta ameketi na wanawake wa kanisa. Nilipojitaja jina, alinigeukia.

Akasema, "Sauti yako naijua. Ni wewe ulisema kwa redio mwanangu amekuwa trela."

Ni kweli, wasikilizaji. Nililisema neno hilo mwaka jana, kuhusu unene wake, nikitangaza mechi aliyoachwa nyumbani, kwa maikrofoni hii hii. Nilicheka. Baadhi yenu mlinitumia ujumbe, mkacheka nami. Nilimwambia Mama Celina kwamba ulikuwa mzaha.

Akajibu, "Tulikuwa tunasikiliza sote hapa nyumbani. Yeye alikuwa ameshika sahani. Akaiweka chini."

 

Kwa Mama Celina, kwa Ntinyari, na kwa jamaa wote wa Muthara, poleni. Mungu awatie nguvu. Mimi naomba msamaha hadharani, kwa kuwa nilikosea hadharani. Mama hajaniambia kama amenisamehe, na hadaiwi jibu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Jumamosi kuna mechi. Mtawaona mabinti hao wakiingia uwanjani, na mdomo utataka kusema kitu kuhusu miili yao. Wana mama zao nyumbani, na redio imewashwa.