Risasi za Heshima Mlangoni pa Wodi ya Masikio

Mheshimiwa Gavana, Sheikh Muhaibis na wazee wa ukoo, Daktari Wasan na wauguzi wako, ndugu wageni waalikwa, assalamu alaikum.

Nilisimamishwa hapa nitoe shukrani kwa niaba yetu wake wa askari wa zamani waliopandikizwa vifaa vya kusikia. Nilikuwa nimejiandaa vizuri tu. Lakini nitashukuru vipi, jamani, na harufu ya baruti bado imo puani?

Mume wangu Khazaal, yule pale mbele, alikuwa mpiga mizinga kwenye vita na Iran. Alirudi na mikono na miguu yake, masikio yakabaki huko. Watoto wetu wamekua hajapata kusikia sauti zao. Juzi Daktari Wasan akamwashia kifaa. Jana tukinywa chai akashtuka: "Umm Mithaq, nani anagonga mlango?" Nikamwambia, "Ni wewe, mzee, unakoroga sukari!" Akacheka, akaendelea kukoroga mpaka chai ikapoa. Wallahi nililia, nikamshukuru Mungu.

Leo gari la Gavana limefika getini, na nyinyi vijana wa ukoo mkafyatua bunduki hewani, kama mfanyavyo kwenye harusi na mazishi. Mlangoni pa wodi ya watu ambao masikio yao yaliuawa na baruti! Mume wangu kajitupa chini kifudifudi, kakibandua kipande cha kifaa cha nje ya sikio, kakitia mfukoni. Nikamwashiria akirudishe. Kasema, kwa sauti ile kubwa ya kiziwi mliyoisikia wote, "Sikitaki! Bora uziwi wangu!"

Nikakufuata, Sheikh. Ukaniambia, "Tulia, mama, hiyo ni heshima yao." Heshima gani? Ukienda kumtazama mtu aliyeungua, unampelekea moto? Nawe Mheshimiwa, mbona uliwapungia mkono huku unatabasamu?

Sheikh, nakuheshimu, wewe ndiye uliyetuozesha. Waamuru vijana waweke bunduki chini, sasa hivi, yeye akiona.

Haya. Naona zinawekwa. Na ile ya nyuma kule, kijana, usiifiche kwenye joho. Mungu akulipe, Sheikh.

Abu Mithaq, baba wa wanangu, hunisikii, lakini mkono wangu unauona. Kirudishe sikioni. Na nyinyi wengine, asipige mtu makofi, wala vigelegele. Nataka kumwita mume wangu.

Khazaal.

Mmemsikia? Ameitika, na kwa sauti ya chini.

Asanteni, ndugu zangu, kwa kunyamaza.