Majilio Aliyoyavunja Mzee Bado

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya misa, katika parokia yetu, Mzee Bado anastaafu Jumapili ya Ubatizo wa Bwana, tarehe kumi na moja Januari. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Paroko alimshauri aondoke mwishoni mwa Novemba, kabla ya pilikapilika, apumzike kama binadamu wengine. Alikataa katakata. Alisema mpishi haondoki jikoni maji yakianza kuchemka. Kwa hiyo ametusubirisha mpaka kipindi cha Noeli kiishe, pango libomolewe, ng'ombe na punda warudi kabatini, ndipo naye arudi kwake.

Ofisi ninakofanyia ukarani imetengwa na sakristia kwa ukuta wa mbao, mwembamba kama ahadi ya kwaya kufika mapema. Mengi ninayoandika hapa nimeyasikia kwa masikio yangu, yakiwemo yale ambayo sikutaka kuyasikia. Kila Jumapili asubuhi, kwa mfano, humsikia akigombana na mkaa wa chetezo cha ubani ukikataa kushika moto. "Wewe leo umeamkaje?" huuuliza, kwa upole kabisa, kama anamsemesha mtoto aliyenuna.

Kazi hii hakuiomba. Alikuja kama fundi rangi, kupaka dari ya sakristia, na paroko wa wakati ule akamwomba amshikie mlango mchana mmoja tu, kwa kuwa mtunza sakristia aliyekuwepo alikuwa ameugua. Mchana huo ndio anaoumaliza sasa.

Noeli yake ya kwanza bado inasimuliwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia ubani unatiwa kiasi gani, naye hakutaka Mtoto Yesu aonekane amepokelewa kwa ubahili. Alitia wa kutosha kanisa zima na majirani. Altare ikapotea. Sauti ya pili ilikohoa wimbo mzima, na paroko, macho yakimchuruzika machozi, alihubiri kwa dakika chache akakaa. Waumini wengi waliisifu sana misa ile, na wapo waliomfuata Mzee Bado mlangoni kumwomba mwaka unaofuata afanye vilevile.

Jina la Bado alilipata katika Majilio, yale majuma ya kungojea Noeli ambapo kila mtu humwendea na swali lake. Pango tayari? Bado. Nyota mbona haijawashwa? Bado. Maua mekundu tuyatoe? Bado. Na ukimwuliza mbona hori ni tupu, husimama, hukutazama kwa huruma, halafu hukwambia, "Bado hajazaliwa." Mtoto wetu wa plasta hukaa kwenye droo ya chini ya kabati la kanzu, amefunikwa taulo, na mlinzi wake ni mmoja. Hatoki mpaka Mkesha. Askofu mwenyewe alipotutembelea juma la pili la Majilio na kuomba kulibariki pango, alibariki hori tupu na nyasi, akaenda zake.

Mamajusi nao aliwafanya watembee kweli. Siku ya Noeli walianzia safari kwenye kisima cha ubatizo, karibu na lango kuu, na kila siku aliwasogeza hatua chache kuelekea pangoni, ili wafike Epifania, sikukuu yao, na si kabla. Mwaka mmoja ilifungwa ndoa katikati ya safari hiyo. Mpiga picha alimsihi amwondoe majusi mmoja aliyesimama pembeni mwa njia ya katikati. Alijibiwa kwamba mtu ametoka mashariki ya mbali, hawezi kurudishwa nyuma kwa sababu ya picha. Basi maharusi wale hadi leo wana picha sebuleni kwao, wanatabasamu, na kati yao kuna mzee mwenye kilemba ameshika kijisanduku, kama mjomba aliyeleta zawadi. Bi harusi ameshaniambia kwamba wageni wengine humwuliza ni ndugu wa upande gani.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa na mwalimu wa kwaya. Mama huyu aliamini kwamba nyimbo za Noeli zisipozoeshwa mapema ndani ya kanisa lenyewe, zitaimbwa ovyo. Mzee Bado aliamini kwamba kanisa likiwa kwenye Majilio liko kwenye Majilio, na anayetaka Noeli aende ukumbini. Kwa hiyo mama alibuni uchokozi. Akiwa kwenye kinanda, alipiga mwanzo wa wimbo wa Noeli, noti tano au sita tu, akasikiliza. Kichwa cha mzee kilipochomoza mlangoni mwa sakristia, tayari alikuwa amehamia wimbo wa toba, uso mkavu kama mtawa. Kichwa kikirudi ndani, noti zikaanza tena. Sisi wa ofisini tulikuwa hatufanyi kazi yoyote siku hizo.

Kisha ukaja mwaka ambao kinanda kilinyamaza. Mwalimu wa kwaya alilazwa ghafla mwanzoni mwa Majilio, na madaktari wakasema lazima apasuliwe juma lilelile la kabla ya Noeli. Dada yake alituletea habari kwamba mgonjwa halali wala hali, na jambo analolisema ni moja: kwamba safari hii Noeli itamkuta hayupo. Kwaya ililia. Mzee Bado aliendelea kung'arisha vinara vilivyokwisha kung'aa, na kupitia ukuta ule wa mbao sikumsikia akigombana na chochote.

Siku ya tatu aliingia ofisini akaniomba boksi tupu la karatasi. Nilimpa. Aliingia nalo sakristia, akatoka nalo likiwa limefunikwa taulo, akalibeba kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja kwa paroko.

"Baba," akasema, "naomba ruhusa ya kuvunja Majilio."

Paroko, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijibiwa neno moja tu, alishindwa kujizuia. "Bado," akamjibu. Halafu akauona uso wa mzee, akauacha mzaha palepale, akachukua funguo za gari.

Kilichotokea hospitalini nimekipata kwa mwalimu mwenyewe, na paroko amekithibitisha. Mlangoni mwa wodi ya wanawake muuguzi aliwauliza wamebeba nini ndani ya boksi. "Mtoto," akasema Mzee Bado. Muuguzi alilifungua upesi mno, akashika kifua, akawaruhusu wapite.

Mzee alimtoa Mtoto, akamlaza juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, kati ya chupa ya chai na vidonge.

"Nilipomwona pale," mwalimu husimulia, "nilishikwa na hofu kuliko siku zote. Nikajiambia, kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hiki, mpaka Bado amekubali!"

Mzee akamwambia, "Mwalimu, anza ule wimbo wako. Leo sichomozi kichwa."

Mama alijaribu. Sauti haikutoka, yakatoka machozi. Basi Mzee Bado, ambaye hajawahi kuimba mbele ya mtu, na kwa kweli hakupaswa kuanza siku ile, akavuta pumzi akauanzisha mwenyewe. Wanaomfahamu wanajua kwamba sauti yake ni nzuri kwa kuitia watu mvua ikinyesha. Aliingia juu, akapanda zaidi, akakwama.

"Shusha," mwalimu akasema kutoka kwenye mto, huku bado analia. "Shusha, mzee, utajichana koo. Sivyo. Sikiliza." Akampa noti. Mzee akaishika. Na kwa kuwa mwalimu wa kwaya hawezi kuvumilia wimbo ulioanzwa vibaya ukaachwa njiani, aliuimba mpaka mwisho, polepole, akimwongoza kwa kidole. Mwanamke wa kitanda cha pili akadakia kiitikio, kisha wa kitanda cha dirishani. Muuguzi aliyekuja kuwanyamazisha alisimama mlangoni akaimba sauti ya tatu.

Usiku ule mgonjwa alilala. Upasuaji ulikwenda vizuri, ingawa alikaa nje ya kwaya mpaka Pasaka. Mtoto wa plasta naye alirudi akiwa amemeguka kidole gumba cha mguu wa kulia, jeraha alilolipata garini, kwa sababu paroko huendesha kama anavyohubiri, bila kuona kona.

Majilio yaliyofuata, mwalimu aliipeleka kwaya ukumbini bila kuambiwa. Hakuna noti hata moja ya uchokozi iliyopigwa. Siku mbili, tatu, kimya. Mzee Bado alizunguka sakristia kama mtu aliyepoteza kitu, mwisho akaenda ukumbini kumwuliza mama kwa wasiwasi kama ugonjwa umemrudia. Kesho yake noti tano zikasikika tena kanisani. Kichwa kikachomoza. Roho zetu zikatulia.

Tumezungumza pia na mkewe. Tulimwuliza angependa tuandike nini. Alifikiri, akasema kwamba tangu mumewe aanze kazi hii, yeye hajawahi kukaa naye benchi moja siku ya Noeli. Amesali nyuma ya nguzo na watoto, kisha watoto wakakua wakaoa na kuolewa, akasali peke yake. Chakula cha Noeli mzee amekila kikiwa kimepoa, kila mwaka, huku akisifu kwamba ni cha moto. "Waambieni parokia ninawashukuru," akasema, "na akija kuomba kazi ya kujitolea, mfukuzeni."

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila mshumaa uliosimama wima na kwa kila Noeli uliyotukataza kuila mbichi. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasiosumbua sana. Noeli ijayo nafasi yako iko nyuma ya nguzo, mkeo anakushikia. Kengele ikichelewa, usiinuke. Ubani ukizidi, usiinuke. Mshike mkono mama wa watu, uimbe, na ukiingia juu mno, mwache akushushe.